Kiungo Kigeni, Chungu Kile Kile

Karibu kila jiko lina kona yake ya viungo visivyoguswa. Kuna kipakiti alicholeta shangazi alipotoka Muscat, kuna chupa ndogo yenye maandishi ya Kichina iliyonunuliwa kwa kuwa bei ilikuwa ya kutupa, kuna mbegu nyeusi alizoziacha mgeni. Vinakaa nyuma ya mkebe wa chumvi mpaka harufu inakwisha, kisha siku ya usafi mkubwa vinakwenda jalalani. Si uvivu wa mwenye jiko. Ameshavifungua, ameshavinusa, akabaki na swali moja tu: hiki nakitia kwenye nini?

Wengi wakifika hapo hukimbilia mapishi ya huko kilikotoka kiungo. Umepata pilipili ya Sichuan ya Uchina, unatafuta video ya mapishi ya Sichuan, unakuta unatakiwa uwe na vitu vingine sita ambavyo navyo huvijui. Ukija kuonja, sahani nzima ni ngeni na huwezi kusema ladha ipi imetoka wapi. Mimi nashauri kinyume chake. Kiungo usichokijua kitie kwenye chakula unachoweza kukipika umefumba macho: maharage ya kila siku, mchicha, kiazi cha kuchemsha, yai, wali mweupe. Maharage yako unayajua yalivyo, kwa hiyo chochote kitakachobadilika humo ni kazi ya mgeni. Mapishi ya kwao yatakuja baadaye, mkishazoeana.

Hata kabla ya kubandika sufuria kuna jaribio dogo linalookoa chakula kingi. Chemsha kiazi kimoja, kikate vipande. Weka vikombe viwili vidogo, kimoja kina kijiko cha mafuta yaliyopashwa moto, kingine kijiko cha maji ya moto. Saga au twanga kiungo chako kidogo sana, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili, ukigawe kwenye vikombe vyote. Acha dakika tano. Chovya kipande cha kiazi huku, kingine kule, na chembe ya chumvi, uonje. Viungo vingi vitakujibu upande wa mafuta, kwa sababu harufu yake imebebwa na mafuta yake yenyewe, na ndiyo maana mchuzi wa tui hutoa harufu ambayo mchuzi wa maji haupati. Lakini si vyote. Rangi ya bizari ya manjano hutoka kwenye mafuta, ya zafarani hutoka kwenye maji, ndiyo maana zafarani huloanishwa kwa maji ya uvuguvugu au maziwa kabla ya kumwagwa kwenye wali. Uonje pia bila kiazi, uache ulimi useme: ni kichungu? Kichachu? Kinawasha? Au hakina ladha yoyote bali harufu tu?

Likitoka hilo, linabaki la wakati, na hapa yeyote anayeweza kupika pilau hana la kujifunza upya. Mdalasini, iliki na karafuu nzima huingia mapema, kwenye mafuta. Bizari ya unga huingia kitunguu kikishakuwa chekundu, na haikai peke yake kwenye mafuta matupu kwa muda mrefu, maana unga huungua upesi. Majani ya giligilani hunyunyizwa ukishaepua. Kiungo kigeni nacho hufuata mlango wake: kilicho kigumu na kizima kinaanza, unga unafuata na kitu chenye majimaji karibu, na chenye harufu nyepesi inayokimbia kinamaliza. Ukiwa na shaka, anza na nusu kijiko cha chai kwa sufuria ya watu wanne. Kuongeza kunawezekana muda wowote.

Sasa tuingie jikoni kwenyewe. Tuanze na ndimu kavu, hizi ambazo Waomani hutia kwenye mchuzi na kwenye wali wa nyama. Ni ndimu za kawaida zilizochemshwa kwenye maji ya chumvi, kisha zikaanikwa juani mpaka zikawa nyepesi na ngumu, nyingine hudhurungi, nyingine nyeusi tii. Ukiitikisa karibu na sikio utasikia kitu kikicheza ndani. Ukiipasua, nyama yake imesinyaa ikawa nyeusi inayong'aa, imegandamana na mbegu. Harufu yake si ya ndimu mbichi hata kidogo. Kuna uchachu, kuna kitu kinachokumbusha moshi ingawa haikupitishwa moshini, na kuna uchungu unaobaki nyuma ya ulimi.

Uchungu huo ndio wa kuuchunga, na sehemu kubwa hutoka kwenye mbegu. Kwa hiyo ioshe, itoboe matundu mawili matatu kwa ncha ya kisu, uitie nzima kwenye maharage au mchuzi wakati maji yanaanza kuchemka. Moja inatosha watu wanne. Iache ichemke humo nusu saa na zaidi. Ikilainika, ikandamize kwa mwiko ubavuni mwa sufuria, itatoa maji meusi machachu. Onja. Ikitosha, itoe, ukitaka zaidi, ikandamize tena. Siku hiyo punguza nyanya na usikamulie ndimu mbichi, kwani uchachu wa namna tatu ndani ya chungu kimoja hugombana. Kama unapika kwa nazi, tui zito litie mwisho kabisa, ndimu ikishatoka, lisije likakatika.

Usidhani unailazimisha kwa maharage. Wairani wana mchuzi wao unaoitwa ghormeh sabzi, wa majani mengi yaliyokaangwa, nyama na maharage, na ndimu kavu ndiyo inayoubeba. Mimi binafsi naona inapendeza zaidi kwenye mchuzi wa samaki mwenye nyama nene, papa au nguru. Samaki huyo haivi kwa nusu saa, anaiva upesi, basi ndimu itangulie kwenye rojo, samaki aingie mwishoni. Ukitembea dukani utakuta pia unga wa ndimu kavu. Uache. Mara nyingi umesagwa pamoja na mbegu, na uchungu wake huwezi kuutoa tena. Na zikikubakia mbili tatu, fanya kama wanavyofanya Iraq na Ghuba: pasua, toa mbegu, chemsha kwa maji dakika kumi, chuja, tia sukari. Ni chai nzuri sana baada ya chakula kizito.

Mvuje ni kisa kingine. Pwani kila bibi anaujua, ila haujui kama chakula. Kwake ni kitu cha kufungwa kwenye kitambaa akavalishwa mtoto, au cha kufukizia mambo yasiyosemwa mchana. Kwa hiyo ukimwambia mtu atie mvuje kwenye choroko atakutazama mara mbili, na akiunusa atakutazama mara ya tatu. Ni utomvu uliokauka wa mizizi ya mmea unaoota Iran na Afghanistan, na wapishi wakubwa wa utomvu huo ni Wahindi, hasa Wajaini, ambao dini yao inawakataza vitunguu na vitunguu saumu. Siri yote iko kwenye mafuta ya moto. Mbichi, mvuje unanuka. Ukigusa mafuta yaliyopata moto sawasawa, kwa sekunde chache tu, uvundo unageuka ukawa harufu ya kitunguu saumu kilichokaangwa taratibu na kitunguu maji kwa pamoja.

Pasha vijiko viwili vya mafuta. Tia kijiko cha chai cha bizari nyembamba nzima. Ikianza kuchakarika, tia mvuje, robo kijiko cha chai ikiwa ni ule wa unga, au kipande kisichozidi punje ya mtama ikiwa ni utomvu mtupu. Koroga mara mbili, kisha mimina hapo hapo nyanya au choroko zako zilizokwisha kuiva. Utasikia mlipuko mdogo, na jiko zima litabadilika. Kwenye kunde na kabichi nako ni pazuri. Kwenye nyama sioni haja. Mvuje wa unga unaouzwa madukani kwa kawaida umechanganywa na unga wa ngano au wa mchele, hivyo asiyekula ngano asome pakiti. Mtoto mchanga asipewe hata kidogo, wawe wamesema nini wazee kuhusu gesi tumboni. Na uuhifadhi kwenye chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, ndani ya mkebe mwingine uliofungwa vizuri, la sivyo kesho majani ya chai yatakuwa na harufu yake.

Wa tatu ninaotaka kukaa nao ni berbere, mchanganyiko mwekundu wa Waethiopia na Waeritrea, ambao mkazi wa Nairobi anaupata Eastleigh bila taabu. Ndani yake kuna pilipili nyekundu iliyokaushwa, kitunguu saumu, tangawizi, uwatu, na korarima, mbegu ya jamaa ya iliki inayoota Ethiopia kwenyewe, pamoja na vingine ambavyo kila nyumba ina hesabu yake. Mtu aliyezoea bizari ya mchuzi huitia berbere dakika ya mwisho, akapata ladha ya vumbi na uchungu, akasema Waethiopia wanakula nini. Berbere haina haraka. Kwao vitunguu vingi vilivyokatwa vidogo sana hupikwa kwanza vikavu, bila mafuta, kwa moto mdogo, mpaka vimeisha maji na kusinyaa. Ndipo mafuta au siagi yenye viungo inapoingia, na berbere hupikwa humo humo muda mrefu, ikitiwa maji kijiko kwa kijiko isishike chini.

Kwa jaribio la kwanza tumia adesi nyekundu, zile zinazoiva upesi. Vitunguu maji viwili, vipike vikavu kwa dakika kumi huku ukigeuza. Mafuta vijiko vitatu vya chakula, kitunguu saumu, kisha kijiko kimoja cha chakula cha berbere, au nusu yake kama kuna watoto. Pika robo saa. Utajua imeiva mafuta yakianza kujitenga pembeni, mekundu, na harufu ya pilipili iliyokuwa ikikufanya upige chafya imetulia. Hapo tia adesi zilizooshwa, maji, na chumvi mwishoni. Kwa ugali ni mboga kamili, wala huhitaji injera, mkate wao, ili uifahamu.

Vingine havina maneno mengi. Sumaki, unga wa zambarau na mwekundu unaotoka kwenye matunda madogo ya Uturuki, Iran na Sham, ni mchachu na mara nyingi haupikwi: nyunyiza juu ya kachumbari ya vitunguu badala ya ndimu, au juu ya mishikaki ikitoka jikoni, uone. Mmea wake ni wa familia moja na korosho na embe, basi anayedhurika na korosho ajihadhari. Habasoda wengi wanaimeza kama dawa wakasahau kuwa ni kiungo. Ikaange kavu kidogo uitie kwenye unga wa chapati au mkate. Pilipili ya Sichuan si jamaa wa pilipili manga wala wa pilipili kali. Haiwashi, inatia ganzi midomoni na ulimi ukacheza kwa dakika kadhaa, na ukiwa hukuambiwa unaweza kudhani umekula sumu. Tupa mbegu nyeusi za ndani, kaanga maganda makavu, twanga, chekecha, changanya na chumvi, nyunyizia chipsi. Wenye kuipenda hawatarudi nyuma. Wengine waipe jirani.

Halafu kuna kiungo kigeni kilichozaliwa nyumbani. Nenda shamba la viungo Unguja, upasuliwe tunda la kungumanga. Ganda la nje ni la njano, limefunguka lenyewe pande mbili; ndani kuna kokwa nyeusi inayong'aa, na kokwa hiyo imevikwa wavu mwekundu unaowaka. Wavu huo ndio basibasi. Tumekwangua kungumanga kwenye kaimati na kahawa miaka yote, ilhali basibasi imeuzwa kwingine tukiitazama. Ikikauka inakuwa rangi ya machungwa yaliyofifia, na harufu yake ni ya kungumanga iliyopunguzwa uzito. Kipande kimoja kwenye supu ya kuku, au kwenye maziwa ya tambi, kisha ukitoe kabla ya kupakua. Kungumanga yenyewe nayo ina mpaka wake: gramu tano, kama vijiko viwili vya chai vya unga, zinatosha kumpa mtu kizunguzungu na moyo kumwenda mbio. Chakula hakihitaji hata sehemu ya kumi ya hiyo. Ninasema hivi kwa sababu kuna wanaodhani cha asili hakina madhara.

Na iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga zinalimwa Muheza na milima ya Usambara. Mtu wa Tanga anaweza kununua mkononi mwa mkulima kile ambacho wa mjini anakinunua kwenye kichupa kilichokwisha kupauka rafuni.

Ununuzi wenyewe una mitego yake, na wa kwanza ni majina. Ukiomba bizari, Dar es Salaam unaweza kupewa kitu kimoja na Unguja ukaulizwa unataka ipi: nyembamba, ya mchuzi, au ya manjano? Hiyo nyembamba kwingine ni uzile, kwa wengine jira. Kwa hiyo usinunue jina. Omba uone, usugue punje chache kiganjani, unuse. Punje isiyotoa harufu ikisuguliwa haitatoa harufu ikipikwa. Darajani, Kariakoo na Marikiti ya Mombasa utapimiwa hata gramu hamsini bila kununiwa, na kwa kiungo unachokijaribu hamsini ni nyingi tayari. Nunua kizima kila inapowezekana, utwange mwenyewe kwenye kinu. Kizima hukaa na harufu yake mwaka na zaidi. Cha unga huanza kuisha baada ya miezi michache. Kiweke kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na mvuke na mwanga. Rafu iliyo juu ya jiko, ambako ndiko wengi tunakoviweka, ndiyo mahali pabaya kuliko pote.

Cha unga kina ubaya mwingine: huwezi kuona kilichotiwa ndani. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi manjano ya Bangladesh yalivyokuwa yakipakwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi ni sumu inayodumaza akili za watoto. Manjano yanayowaka kupita kiasi nayakwepa. Nanunua mizizi mikavu. Zafarani ya bei poa huwa si zafarani. Kilo moja ya zafarani inataka maua yapatayo laki moja na nusu, yanayochumwa kwa mkono, kila ua likitoa nyuzi tatu, kwa hiyo hakuna anayekuuzia mfuko mzima kwa bei ya mkate. Itie kwenye maji ya uvuguvugu: ya kweli hutoa rangi ya njano taratibu, na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Ya uongo humwaga wekundu papo hapo na uzi unapauka. Pilipili, tangawizi au kungumanga yenye ukungu usiikwangue ukatumia upande mzuri. Sumukuvu, hii hii ya mahindi na karanga, huingia humo pia, wala haiondoki kwa kupikwa.

Mdalasini nao upo wa aina mbili sokoni. Ule mwembamba, wenye tabaka nyingi zilizoviringishwa kama sigara, ni wa Sri Lanka. Ule mnene, mgumu, wa ganda moja, ni kasia, mkali zaidi na una kumarini, kitu kinachoweza kuudhuru ini kikizidi. Kwa pilau ya mara moja kwa wiki hakuna tatizo. Wanaokunywa vijiko vya mdalasini kila asubuhi kwa ajili ya sukari au kupunguza unene ndio wanaopaswa kuuliza wanakunywa upi. Mjamzito naye asizidishe uwatu kupita ule wa kwenye mboga, na mwenye kudhurika na karanga auanze kwa tahadhari, maana uwatu ni jamii ya kunde.

Kuhusu nyumbani: usijaribu siku ya wageni, na usibadilishe pilau ya Ijumaa. Siku ya kujaribu, badili chakula kimoja tu mezani, kingine kibaki kama kilivyo, ili asiyependa apate cha kula bila kununa. Usitangaze. Waache wale kwanza. Watoto hukataa jina kabla hawajakataa ladha. Ukiulizwa "leo umetia nini?", sikiliza sauti inayouliza, utajua kama kiungo kirudi wiki ijayo au la.

Na kikizidi? Ukali wa pilipili na berbere hupunguzwa kwa tui, kiazi, au kuongeza adesi. Maji peke yake huongeza wingi wa tatizo. Uchachu wa ndimu kavu hukubali kitunguu kilichokaangwa sana na chembe ya sukari. Harufu ya karafuu au basibasi iliyozidi haiondoki, lakini chakula kikilala hutulia, basi kipike upya kesho na wali mwingi. Uwatu ulioungua ndio usio na dawa. Ukishaona mbegu zimepita rangi ya kahawa na kuwa nyekundu iliyoiva, mwaga mafuta hayo, futa kaango, uanze na kitunguu kingine kabla nyama haijaingia.